Sauli na Kitenzi cha Kusikia

Mzazi akilalamika kwamba "mtoto huyu hasikii", hakuna anayefikiria kumpeleka kwa daktari wa masikio. Kiebrania cha Agano la Kale kina mazoea hayo hayo: kitenzi shama, ambacho maana yake ya kwanza ni kusikia, hubeba pia maana ya kutii, hasa kinapoandamana na qol, yaani sauti. Watafsiri hulazimika kuandika "kusikia" hapa na "kutii" pale, na msomaji huukosa uzi ulioshona habari nzima. Habari inayopungukiwa zaidi kwa hasara hiyo, kwa maoni yangu, ni ya mfalme Sauli.

Katika 1 Samweli 15 nabii Samweli anamwambia Sauli aisikie sauti ya maneno ya Bwana, awaangamize Waamaleki na mifugo yao bila kumsaza hata mtoto anyonyaye. Amri hiyo ni nzito na haifai kufunikwafunikwa. Talmudi yenyewe, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi, inamwonyesha Sauli akiihoji. Katika Maandiko, hata hivyo, Sauli hahoji lolote. Anapigana, anashinda, kisha anamwacha hai mfalme wao Agagi pamoja na kondoo na ng'ombe wazuri. Anapomlaki nabii huko Gilgali kwa kutangaza kwamba amelitimiza neno la Bwana, Samweli anamuuliza: basi, sauti hii ya kondoo masikioni mwangu ni nini, na hiyo ya ng'ombe ninayoisikia? Neno ni qol lile lile. Mfalme anasema wanyama ni wa dhabihu, naye anajibiwa kwamba kusikia ni bora kuliko dhabihu. Mwishowe anaungama kwa maneno yanayomfunga zaidi: niliwaogopa watu, nikaisikia sauti yao.

Hukumu inakatwa kwa kipimo cha kosa. Kwa kuwa amelikataa neno la Bwana, Bwana naye amemkataa asiwe mfalme, na kitenzi kinachotumika ni kimoja pande zote mbili. Lakini Sauli haanguki siku hiyo. Kitabu kinamwacha atawale kwa sura 16 zaidi, na ni katika sura ya 28, Wafilisti wakiwa wamepiga kambi, ndipo tunaiona adhabu ilivyo. Anamwuliza Bwana asijibiwe, si kwa ndoto, wala kwa Urimu, yaani kura takatifu ya makuhani, wala kwa manabii. Aliyekataa kusikia sasa hasemezwi.

Anajibadilisha mavazi na kwenda usiku Endori, kwa mwanamke mwenye kupandisha pepo wa wafu, kazi ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameipiga marufuku. Samweli, ambaye amekwisha kufa, anapandishwa, naye anarudia shitaka la zamani: hukuisikia sauti ya Bwana, kesho wewe na wanao mtakuwa pamoja nami. Sauli anaanguka chini kwa urefu wake wote, hajala kutwa kucha. Hapo mwanamke anamwambia: mimi nimeisikia sauti yako, nikauhatarisha uhai wangu, sasa wewe nawe isikie sauti ya mjakazi wako, ule kidogo upate nguvu. Anakataa. Watumishi wake wanamsihi pamoja na mwanamke yule, naye anaisikia sauti yao, anainuka na kuketi kitandani. Mwanamke anamchinja ndama aliyenona aliyekuwa naye nyumbani, anakanda unga, anaoka mikate isiyotiwa chachu, kwa kuwa hapakuwa na muda wa kusubiri iumuke. Wakala, wakaondoka usiku ule ule.