"Una moyo mkubwa": maana yake, na daktari wa kumwona

Mtu anaonyeshwa picha ya eksirei ya kifua, anaambiwa "una moyo mkubwa", anapewa vidonge vya kukojoa na kurudi nyumbani akiamini ametajiwa ugonjwa. Bado. Moyo mkubwa, au moyo kutanuka, ni kama homa: unaonyesha kuna kitu, hausemi ni kitu gani.

Kipimo chenyewe ni cha rula. Upana wa kivuli cha moyo unalinganishwa na upana wa kifua kwa ndani, na kwa mtu mzima moyo ukizidi nusu ya kifua unaandikwa mkubwa. Kifua kikiwa na sentimita 28, moyo wa sentimita 13 hauna neno. Wa 17 unalo. Lakini kivuli hudanganya. Picha iliyopigwa mgonjwa akiwa kitandani, au kabla hajavuta pumzi ikajaa, hukuza moyo ambao ni mzima. Tena maji yanaweza kujaa kwenye mfuko unaouzunguka moyo, jambo ambalo kwetu mara nyingi huletwa na kifua kikuu. Kivuli kitapanuka ilhali moyo wenyewe haujaongezeka hata kidogo.

Ndiyo maana eksirei haitoshi, na kipimo cha kudai ni eko, yaani ultrasaundi ya moyo. Haiumi wala haina mionzi. Inaonyesha unene wa kuta za moyo, milango yake (valvu) na nguvu ya kusukuma damu. Nguvu hiyo huandikwa EF, kwa asilimia: katika kila pigo, chumba kikuu cha kushoto kimetoa sehemu gani ya damu iliyokuwemo. Hapa wengi hushtuka bure. Wakisoma EF 60 wanahesabu kwamba wamepoteza 40, wakati hakuna moyo unaotoa damu yote. Kati ya 55 na 70 ni kawaida. Ikifika 40 au chini yake, nguvu imeshuka na dawa za kudumu zinahitajika.

Sasa, nini kimeutanua? Presha ndiyo ya kushukiwa kwanza. Moyo unaosukuma damu dhidi ya presha kubwa miaka nenda rudi hunenepa kuta kama msuli wa mbeba mizigo, kisha huchoka, hulegea na kutanuka. Kwa kijana wa miaka 20 anayehema akipanda ngazi, angalia valvu: mafindofindo ya bakteria yasiyotibiwa utotoni yanaweza kuzaa homa ya baridi yabisi, ikaacha makovu kwenye milango ya moyo. Huyu huchomwa sindano ya penisilini ya muda mrefu kila baada ya wiki 3 au 4, kwa miaka mingi. Akiruka sindano, homa inaweza kurudi na kuongeza kovu juu ya kovu. Na kuna mama aliyejifungua. Moyo unaweza kulegea kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi 5 baada ya kujifungua, na kwa kuwa uchovu na miguu kuvimba huhesabiwa kuwa mambo ya uzazi tu, mara nyingi anachelewa kupimwa. Kabla ya kushika mimba nyingine amwone daktari wa moyo. Pombe nyingi na virusi vimo pia.

Ukifika kwa daktari, swali mojawapo litakuwa: "Unalalia mito mingapi?" Si udadisi. Ukilala, maji yaliyokuwa miguuni hurudi kwenye damu. Moyo dhaifu unashindwa kuyasukuma, yanarudi nyuma kwenye mapafu. Mtu anaongeza mto wa pili, wa tatu, halafu saa nane usiku anaamka akikimbilia dirisha kutafuta hewa. Wapo waliotibiwa pumu miezi kadhaa kwa sababu hiyo.

Kuhusu daktari, bingwa wa magonjwa ya ndani anaweza kuanza uchunguzi na kutibu presha. Bingwa wa moyo anasoma eko, anapanga dawa, na baadhi yao hupitisha mirija kwenye mishipa kuzibua palipoziba. Kupasua kifua ni kazi ya bingwa wa upasuaji wa moyo, mtu mwingine kabisa. Tanzania njia ya kawaida ni rufaa: hospitali ya wilaya, ya mkoa, kisha ya kanda kama KCMC Moshi au Bugando Mwanza, au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili. Uganda ipo Taasisi ya Moyo, Mulago. Neno "bingwa" kwenye kibao si ushahidi. Usajili huulizwa Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya ni KMPDC, baraza la madaktari la huko. Nenda na ripoti zote za zamani, dawa zikiwa kwenye pakiti zake, na presha ya asubuhi na jioni uliyoandika kwa siku 7.

Matibabu mengi huharibikia nyumbani. Miguu ikinywea, mgonjwa anaacha dawa. Goti likimuuma, ananunua diklofenaki dukani, nayo inafanya chumvi na maji vibaki mwilini. Wiki moja baadaye amevimba tena. Mwingine anapata kikohozi kikavu kutokana na dawa ambazo majina yake huishia na "pril", anaziacha kimya kimya, wakati zipo za kubadilishiwa.

Kifaa cha maana kuliko vyote ni mzani. Jipime kila asubuhi baada ya kukojoa, kabla ya chai. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, hayo ni maji, si mafuta. Mwone daktari wako kabla hujavimba. Ila kifua kikikubana kwa zaidi ya dakika 15, au ukikohoa povu lenye rangi ya damu, usisubiri barua ya rufaa: nenda idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu.