Treni ya Indiana Jones na mtoto wa Dar es Salaam

Vijana wakishajua kwamba kazi yangu ni historia ya Vita vya Kwanza vya Dunia upande huu wa Afrika, hawaniulizi habari za mapigano ya Tanga wala ya Mahiwa. Huniuliza: "Mwalimu, ile treni ya Indiana Jones ilipita wapi?"

Nalipenda swali hili. Anayeuliza ameshakubali kwamba vita vile vilipiganwa hapa kwetu, na nusu ya kazi yangu ni kuwafanya watu wakubali hilo.

Kwa ambaye hakuiona tamthilia yenyewe: Indiana Jones, au Indy kwa kifupi, ni mwanaakiolojia wa kubuni, yule wa kofia na mjeledi. Mwaka 1992 George Lucas alianza kutuonyesha ujana wake kwenye televisheni. Kwa mujibu wa hadithi, alizaliwa Princeton, New Jersey, tarehe 1 Julai 1899. Vita vilipozuka Agosti 1914 alikuwa na miaka 15, na alipofika kwetu alikuwa na 17. Alidanganya jina na umri, akajiita Henri Defense, akajiunga na jeshi la Ubelgiji pamoja na rafiki yake Rémy. Baada ya mahandaki ya Ufaransa, wakahamishiwa Afrika. Novemba 1916 wanapotea njia wakielekea Ziwa Victoria, wanaangukia kwenye kundi la wazee wa Kiingereza wanaoongozwa na mwindaji Frederick Selous, na wote wanaingia katika kazi ya kuharibu mzinga mkubwa wa Wajerumani uliopandishwa juu ya treni. Treni hiyo hutokea, hupiga, kisha hutoweka.

Sasa jibu. Novemba 1916 treni ya Wajerumani isingeweza kupita popote. Koloni la Wajerumani, ambalo sehemu kubwa yake ni Tanzania bara ya leo, lilikuwa na reli kubwa mbili. Ya kaskazini ilianzia Tanga, ikapita chini ya milima ya Usambara hadi Moshi. Reli ya Kati ilitoka Dar es Salaam ikafika Kigoma mwanzoni mwa 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliingia Moshi Machi 1916, Tanga ikatwaliwa Julai, na Dar es Salaam tarehe 4 Septemba. Upande wa magharibi Wabelgiji waliingia Kigoma mwishoni mwa Julai na Tabora tarehe 19 Septemba. Kufikia Novemba, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na askari wake walikuwa kusini ya Reli ya Kati, wanatembea kwa miguu. Indy na Rémy wangekuwa wanawinda treni ya adui kwenye reli ambazo tayari ni za upande wao. Na ukienda Ziwa Victoria kuwatafuta Wabelgiji mwezi huo, umechelewa. Mwanza ilishaanguka tangu Julai.

Ningekuwa mimi mtunzi, ningeirudisha hadithi mwaka mzima nyuma. Mwaka 1915 treni zilikuwa kiini cha vita. Taabu ni kwamba waliokuwa wakiwinda treni wakati huo ni Wajerumani. Walikuwa wameiteka Taveta tangu tarehe 15 Agosti 1914, na kutoka upande huo wa Kilimanjaro walituma vikundi vidogo vya askari kuvuka nyika ya Tsavo wakiwa na baruti, wakatege Reli ya Uganda, ile ya Waingereza iliyotoka Mombasa. Ukiijua nyika ile unajua maana ya kuivuka kwa miguu. Hakuna maji, na kiu ilikuwa adui sawasawa na risasi. Waingereza nao wakaanza kujenga reli kutoka Voi kuelekea Maktau ili waifikie Taveta. Leo ukisafiri kutoka Voi kwenda Taveta, jua kwamba reli ya huko ilizaliwa na vita.

Na mzinga? Hapo watunzi walikuwa na cha kushika. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza hapo Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji. Waingereza waliihangaikia kwa miezi mingi. Julai 1915 ilipigwa vibaya hata nahodha wake akaamua kuizamisha mwenyewe. Lakini mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 iliopolewa, ikapelekwa Dar es Salaam, ikaundiwa magurudumu, na kuanzia hapo ikapigana nchi kavu. Ukitaka kuuona mmoja nenda Fort Jesus, Mombasa. Simama karibu nao, uangalie urefu wa bomba lake, kisha ujiulize ulivutwaje milimani na kwenye matope ya masika bila reli. Ulivutwa kwa kamba, na walioshika kamba walikuwa watu, mamia kwa mzinga mmoja. Nikiulizwa treni ile ilikuwa wapi, mara nyingi hujibu kwamba ilikuwa mabegani mwa watu hao.

Wale wazee wa tamthilia ni wa kweli zaidi ya watazamaji wanavyodhani. Kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers kilifika Mombasa Mei 1915 kikiwa kimekusanya watu wa kila aina: wawindaji, wasafiri, na hata mpiga picha wa wanyama Cherry Kearton. Selous mwenyewe alizaliwa mwaka 1851. Alipigwa risasi akafa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, akiwa na miaka 65, akazikwa hapo hapo. Pori la akiba lililobeba jina lake tunalijua sote, na tangu 2019 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kwa kalenda ya hadithi, basi, Indy anamwacha mzee huyu akiwa amebakiza wiki chache tu za kuishi, na mtazamaji asiyeijua historia hawezi kuuhisi uzito wa kuagana kwao.

Lakini kipande kinachonikaa moyoni ni kingine, cha miaka saba kabla. Mwaka 1909 Indy, mtoto wa miaka kumi, yuko Kenya katika safari ya Theodore Roosevelt, safari ambayo ni ya kweli na ambayo Selous alisaidia kuipanga. Mtoto anataka kujua choroa, aina ya swala, wamepotelea wapi. Anayemsaidia ni mtoto wa Kimaasai, Meto, wa rika lake. Hawana lugha moja, wanafundishana maneno, na wanaelewana.

Meto alikuwa wapi mwaka 1914?

Huyu naye ni wa kubuni, lakini wenzake wa kweli hawakuwa wa kubuni, na kazi yangu ni wao. Kama Meto alibaki na rika lake, huenda alikuwa miongoni mwa morani waliokataa serikali ilipotaka kuwaandikisha jeshini kwa nguvu mwaka 1918, wakapigana na askari huko Ololulunga, Narok. Kama angezaliwa Ukambani, Kavirondo kando ya Ziwa Victoria, au Unyamwezi, uwezekano mkubwa ni kwamba angebebeshwa mzigo.

Waingereza peke yao walitumia wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja kwa vita vizima, na hesabu zao rasmi zinataja vifo zaidi ya 95,000. Waliowahesabu wanakubali kwamba wengi hawakuandikwa. Mzigo ulikuwa kama kilo 27. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na malaria, kuhara damu na kichomi, na hata na unga wa mahindi uliosagwa ovyo, ukapikwa haraka kwa kuni mbichi, ukaliwa na watu ambao nyumbani kwao hawakuzoea ugali wa mahindi. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, likatafunwa na Kiswahili likawa Kariakoo. Mtu anayekwenda Kariakoo kununua vitenge anatamka jina la jeshi la wabeba mizigo. Nairobi nako kuna Kariokor. Wako pia kwenye ile sanamu ya askari mjini Nairobi, na maandishi ya pale yanawaita miguu na mikono ya jeshi. Mishahara ya maelfu waliofia njiani haikuwafikia ndugu zao.

Ila kuna mtoto mmoja ambaye hadithi yake inakwenda bega kwa bega na ya Indy, na huyu alikuwa na damu na mifupa. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 akaitwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani. Vita vilipozuka Mahjub alikuwa na miaka kumi, umri ule ule wa Indy akiwatafuta choroa, na aliingia jeshini pamoja na baba yake, akawa mwanafunzi wa kupeleka ishara. Hakuhitaji kudanganya umri, maana hakuna aliyemuuliza. Oktoba 1917 alikuwa Mahiwa, nyuma ya Lindi, katika mapigano yaliyomwaga damu nyingi kuliko yote ya vita hivi. Waingereza walipoteza watu wapatao 2,700 kwa siku nne, wengi wao Waafrika, wakiwemo Wanigeria walioletwa kutoka upande wa pili wa bara. Kile kikosi cha wazee wa Selous kilikuwepo pia, nacho kikapondwa vibaya. Mahjub alijeruhiwa, akatekwa. Alikuwa na miaka kumi na tatu.

Baadaye alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akafika Berlin. Alikwenda ofisini kudai mshahara wa vita, wake na wa baba yake. Akakataliwa. Akabaki huko, akijulikana kama Bayume Mohamed Husen. Alikuwa mhudumu wa mkahawa, akafundisha Kiswahili chuoni Berlin, na akacheza kwenye sinema zaidi ya ishirini. Katika sinema hizo hakupewa kuwa Mahjub wa Mahiwa. Alipewa kuwa mtumishi anayeleta trei, au mwenyeji anayesimama nyuma ya mzungu. Ya mwisho ilikuwa ya kumtukuza Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, yule yule ambaye babu zetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 1941 akakamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen bila kesi. Alifia huko tarehe 24 Novemba 1944.

Fikiria basi. Mtoto aliyeishi vita vile kwa mwili wake alifika kweli mbele ya kamera, akaagizwa abebe trei. Miaka hamsini baadaye kamera zikaja Kenya kupiga picha za vita vile vile, na kijana wa katikati ya hadithi akatoka New Jersey. Simlaumu Indy. Tamthilia yake imewaleta watoto wengi mlangoni kwangu, na nimewapokea wote kwa furaha. Ninachotaka ni mtunzi wetu mmoja, wa Dar, Mombasa au Lindi, achukue miaka ile minne kutoka kwenye macho ya mtoto wa askari. Hatahitaji kubuni treni. Anayo meli iliyojificha mikokoni, nyuki wa Tanga waliowatimua wanajeshi, mizinga inayovutwa kwa kamba, na mtoto anayejifunza kutuma ishara kwa bendera huku baba yake akimtazama.

Akifika Berlin kutafiti, apite mtaa wa Brunnenstraße. Mwaka 2007 kiliwekwa pale kibamba kidogo cha shaba barabarani, kwenye nyumba aliyowahi kukaa Mahjub. Kiko chini kabisa, sawa na mawe mengine ya njia, kwa hiyo ili usome jina lake ni lazima uiname.