Mtutu "kuisha" ni nini, na kwa nini magnamu zote haziko sawa

Watu wengi wakisikia raifo fulani "inakula mtutu" wanadhani ni kichwa cha risasi kinavyosugua chuma kikipita, kama breki za gari zinavyolika, na hapo ndo wanapoanza kukosea, maana msuguano upo kweli ila mchango wake ni mdogo. Kinachomaliza mtutu ni moto. Baruti ikiwaka gesi yake inafika joto lililo juu kuliko lile la kuyeyusha chuma, bahati nzuri inadumu muda mfupi mno, elfu moja au mbili ya sekunde hivi, halafu imetoka. Mtutu hauyeyuki, ila ngozi ya juu kabisa ya ndani inaungua kila ukipiga.

Na hauungui sawasawa urefu wote. Sehemu inayoumia ni pale mbele tu ya chemba, yaani chumba inapokaa risasi kabla hujapiga, kichwa cha risasi kinapoacha ganda na kuanza kuingia kwenye ile mifereji ya kukizungusha, mimi napaita kooni kwa sababu ndo ulivyo mlango wenyewe. Hapo chuma kinapashwa na kupoa ghafla, kinapashwa tena, kinanyonya kaboni na naitrojeni toka kwenye gesi, kinakuwa kigumu lakini chepesi kuvunjika, mwisho kinaweka nyufa. Ukiingiza kamera ndogo ya kukagulia utaona kitu kama tope la bwawa lililokauka kiangazi, vipande vipande, na risasi zinazofuata zinabeba vile vipande kidogo kidogo. Mwanzo wa mifereji unasogea mbele kuelekea mdomo wa mtutu, yaani risasi inaruka pengo refu zaidi kabla haijashikwa, inaweza kuingia imeinama kidogo. Wewe unachokiona nje ni matundu kwenye shabaha yanatawanyika bila sababu na spidi inashuka.

Sasa magnamu inaingia wapi? Neno lenyewe limetoka kwenye chupa kubwa ya mvinyo, ile ya lita moja na nusu, kwa hiyo maana yake ni ganda kubwa, baruti nyingi, basi. Halikwambii tundu la mtutu ni pana kiasi gani, na hapo ndo penye siri yote. Unatakiwa uulize baruti kiasi gani inapita kwenye tundu la ukubwa gani.

Chukua risasi aina ya .375 H&H Magnum (namba ya mbele ni kama upana wa tundu kwa inchi), ya watengeneza bunduki Holland & Holland wa London, imetoka mwaka 1912. Inachoma kama gramu 4.7 za baruti. Halafu chukua .300 Winchester Magnum ya 1963, nayo inachoma karibu kiasi hichohicho. Ila kichwa cha .375 kina kipenyo cha milimita 9.5 na cha .300 ni milimita 7.8, ukipiga hesabu ya eneo la tundu unapata kama milimita za mraba 71 kwa ya kwanza na 48 kwa ya pili. Moto uleule, mlango mwembamba kwa theluthi moja. Na ukiiweka pembeni .308 Winchester, ambayo si magnamu kabisa na inachoma kama gramu 2.9, utakuta mzigo kwa kila milimita ya mraba unakaribiana na wa .375! Kwa hiyo lile dubwana la .375 la kupigia mbogo haliumizi koo la mtutu kama watu wanavyodhani, mlaji mtutu ni yule mwembamba mwenye ganda nene.

Mfano unaojulikana sana Marekani ni .264 Winchester Magnum ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Ganda la ukoo uleule wa magnamu, kichwa cha milimita 6.7 tu. Ilikuwa inakimbia kwelikweli lakini sifa ya kuchoma mitutu ikaishika, ikaja 7mm Remington Magnum mwaka 1962 na wateja wakahamia huko.

Kwa idadi, wapiga shabaha huwa wanakadiria .308 inaenda risasi elfu kadhaa kabla usahihi haujaharibika, .300 Win Mag elfu moja na mia tano hadi elfu mbili na kitu, .264 elfu moja hivi inaweza kuwa mwisho. Ni makadirio na yanategemea nani anapiga na anapigaje. Mwindaji anayepiga 50 kwa mwaka, za kuweka shabaha sawa pamoja na za porini, hata kwa mtutu wa kudumu risasi 1,500 ana miaka 30. Kwa hiyo sioni haja ya mwindaji kuikataa .300 kwa hofu ya mtutu. Anayetakiwa kuwaza ni yule anayeenda kiwanja cha shabaha kila wiki na raifo hiyohiyo.

Porini mnyama ndo anaamua. Tanzania kanuni zinataka kaliba (upana wa tundu la mtutu) isiyopungua .375 kwa wanyama hatari kama mbogo na tembo, hapo hakuna mjadala, na hakuna mwindaji bingwa atakayekuruhusu ubahatishe. Kwa nyumbu, pundamilia au tandala, .300 inatosha vizuri, na .308 au .30-06 ukisogea karibu nazo zinafanya kazi bila kukuumiza bega.

Kinachoua mtutu haraka kuliko hesabu zote ni kupiga mfululizo. Risasi kumi za haraka kwenye mtutu wa moto zinaumiza kuliko kumi ulizopiga ukisubiri upoe, piga tatu, weka pembeni kifuniko cha chemba kikiwa wazi, ukiweza kuushika mtutu bila kutoa mkono ndo uendelee.

Na usikimbilie kubadilisha mtutu kabla hujausafisha. Shaba ya vichwa vya risasi na masizi vikijaa mle ndani dalili zinafanana kabisa na za mtutu uliokwisha, matundu yanatawanyika vilevile, ukisafisha vizuri usahihi unarudi. Ukienda kununua raifo iliyotumika, muuzaji akikwambia imepigwa risasi 300 tu, muulize zilipigwa kwa siku ngapi, kisha mwombe fundi bunduki aingize kamera pale kooni mbele yako.