Je, wajua kwa nini watu wanasoma riwaya zilizojaa damu na giza, na wakimaliza wanatafuta nyingine?

Swali hili watu wanauliza kwa kushangaa kabisa, kwamba taarifa ya habari yenyewe kila siku ni mauaji na rushwa, sasa mtu akipata muda wa kupumzika anachukua tena kitabu cha mauaji na rushwa, ana shida gani? Hana shida yoyote jamani. Kuna kitu anakipata humo ambacho taarifa ya habari haimpi.

Kwanza tuelewane ni vitabu gani. Siyo zile stori za upelelezi ambapo tajiri anakutwa amekufa, mpelelezi mwerevu anawakusanya wote sebuleni, anamtaja muuaji, yamekwisha. Hizo ni tamu na mimi nazisoma, ila zinaamini jamii ni safi na muuaji ni doa tu, ukilifua nguo inarudi nyeupe. Riwaya nyeusi inakwambia kitambaa chenyewe kimeoza. Jina la noir, yaani nyeusi kwa Kifaransa, lilienea kupitia Série noire, mfululizo wa vitabu alioanzisha Marcel Duhamel kule Paris mwaka 1945, lakini uandishi wenyewe ulishaanza Marekani tangu miaka ya 1920, kipindi ambacho pombe ilipigwa marufuku nchi nzima (1920 mpaka 1933) na wauza magendo walikuwa wanawahonga polisi na wanasiasa ili wajifanye hawaoni.

Dashiell Hammett, ambaye wengi wanamhesabu kama baba wa riwaya hizi, aliyaona haya kwa karibu. Alikuwa mpelelezi wa Pinkerton, kampuni binafsi ambayo wenye migodi na viwanda walikuwa wanaikodi ivunje migomo ya wafanyakazi, kwa hiyo alijua jinsi pesa inavyoweza kununua bunduki na sheria kwa pamoja. Riwaya yake ya Red Harvest ya 1929 inahusu mji wa migodi ambako tajiri aliwaita majambazi wamvunjie mgomo, mgomo ukaisha, majambazi nao wakagoma kuondoka. Watu wanauawa humo mpaka unapoteza hesabu, na kilichonitisha mimi zaidi siyo idadi, ni msimuliaji mwenyewe, yule aliyekuja kusafisha mji, anaanza kuhisi kuua kunamnogea na anaogopa anageuka kuwa kama wao.

Lakini ukitaka jibu lenyewe hasa twende Sicily, kisiwa cha Italia, kwa mwandishi Leonardo Sciascia na riwaya yake ya 1961, Il giorno della civetta (Siku ya Bundi). Alfajiri basi linataka kuondoka, jamaa mmoja mkandarasi anakimbia alidandie, anapigwa risasi mbili, anaanguka. Polisi wanafika. Abiria wanateremka mmoja mmoja taratibu kama hakuna kilichotokea, wanatawanyika, basi linabaki tupu. Dereva anaulizwa ulibeba nani, hakumbuki, yeye macho yake yako barabarani. Konda naye hajui. Anatafutwa muuza vitafunwa (zile bajia zao za unga wa dengu) ambaye alikuwa amesimama palepale, anaulizwa nani kapiga risasi, na yeye anauliza kwa mshangao, kwani kuna risasi zimepigwa? Baadaye sana, baada ya kubanwa, anakumbuka aliona kitu kama gunia la makaa kwenye kona ya kanisa, na kwenye lile gunia ikatoka miali miwili.

Gunia la makaa! Ukisoma pale unamjua yule mzee kabisa, unajua hadanganyi kwa sababu ni mbaya, anadanganya kwa sababu kesho atasimama tena palepale kuuza bajia zake na aliyeua atapita mbele yake. Mauaji yenyewe yamechukua mistari michache, ni kama ndoano tu, unataka kujua nani kaua kwa hiyo unafunua kurasa, kumbe huku unafundishwa jambo lingine zito, jinsi mji mzima unavyoweza kujua na mji mzima ukanyamaza. Taarifa ya habari itakwambia fulani kauawa, uchunguzi unaendelea, kesho kuna taarifa nyingine. Riwaya inakaa na lile swali kurasa 100 na zaidi, inakufikisha mpaka kwa wakubwa waliolindwa. Na kumbuka miaka ile walikuwepo watu wazito Italia wakisema mafia ni hadithi tu, sheria iliyofanya kuwa mwanachama wa mafia ni kosa imekuja 1982, yaani miaka 21 baada ya kitabu.

Waswidi Maj Sjöwall na Per Wahlöö nao walifanya hivyohivyo, vitabu 10 kati ya 1965 na 1975, kuonyesha nyufa za nchi ambayo dunia nzima ilikuwa inaisifia.

Kuna vinavyojiita noir lakini ni mwili wa mwanamke umelazwa ukurasa wa kwanza, unaelezwa jeraha kwa jeraha, na mpaka mwisho hujui alikuwa anapenda nini wala nani anamlilia. Hapo mimi nafunga kitabu. Damu isiyoniambia chochote kuhusu walioimwaga na walioivumilia sina haja nayo.

Halafu kuna ile nafuu ya ajabu ya kutodanganywa. Unayejua mambo hayako sawa, na kila mtu anakwambia yako sawa, ukikuta kitabu kinachokubaliana na macho yako unapumua. Kwa Sciascia kesi inabomoka, wanapatikana watu wenye heshima zao wa kuapa kwamba mshukiwa hakuwepo. Kapteni wa polisi aliyeijenga ile kesi yuko kwao Parma, kaskazini mwa Italia, likizo, usiku, theluji imetanda, mitaa kimya, anatembea kurudi nyumbani na anajiambia atarudi Sicily, hata kama atakwenda kuvunjia kichwa chake huko.