Dadu tano juu ya Erlin's Eye: dhana potofu kuhusu Citizen Sleeper

Mei 2022 ilitoka gemu moja ya hadithi za kubuni za kisayansi ambayo wachezaji wengi waliipita bila hata kuiangalia mara mbili. Jina lake ni Citizen Sleeper. Kila ninapomsimulia mtu habari zake napata vipingamizi vile vile, na karibu vyote vinatoka kwa watu ambao hawajaigusa. Nimeamua kuvijibu kimoja kimoja, kwa sababu naamini hii ni mojawapo ya gemu bora za kuigiza mhusika zilizotoka katika miaka hii, na inauma kuona inakataliwa kwa sababu zisizo za kweli.

Dhana: Gemu nzuri ya anga za juu haiwezi kutoka kwenye studio ndogo

Tumezoeshwa hivyo. Ukitaja gemu ya kuigiza mhusika angani, mtu anafikiria Mass Effect, au Starfield iliyotoka Septemba 2023 ikiwa na sayari zaidi ya 1,000. Ukubwa umegeuzwa kuwa kipimo: ramani ina upana gani, kuna sayari ngapi, itachukua saa mia ngapi kuimaliza.

Citizen Sleeper ilibuniwa na kuandikwa na mtu mmoja, Gareth Damian Martin wa Uingereza, anayefanya kazi chini ya jina la studio Jump Over the Age. Wahusika walichorwa na Guillaume Singelin, mchoraji wa vitabu vya katuni kutoka Ufaransa. Muziki ni wa Amos Roddy. Gemu ya studio hiyo ya kabla ya hapo, In Other Waters ya mwaka 2020, ilihusu uchunguzi wa viumbe chini ya bahari ya sayari nyingine, na iliwahusisha Martin na Roddy pia.

Badala ya sayari elfu moja, hapa kuna kituo kimoja tu cha anga, Erlin's Eye, chenye umbo la pete. Kampuni iliyokijenga, Solheim, ilianguka zamani, na waliobaki ndani ndio wanaokiendesha kwa mivutano na maridhiano: chama cha wafanyakazi kilichogeuka serikali, genge lenye mtaa wake, vikundi vinavyolima sehemu zilizomezwa na mimea. Humwoni mhusika wako akitembea. Unakiona kituo kutoka juu, unakizungusha, unachagua mahali pa kwenda, maandishi yanafunguka. Kwa sababu hiyo haihitaji kompyuta ya bei mbaya, jambo ambalo kwa mchezaji wa huku kwetu si dogo hata kidogo.

Na ukimaliza unakijua kituo hicho kuliko unavyoijua sayari yoyote kati ya zile elfu moja. Unajua nani anauza chakula wapi, nani anamdai nani, lifti gani ilikuwa mbovu mpaka ulipoitengeneza.

Dhana: Kama hakuna kupigana, hiyo si gemu ya kuigiza mhusika

Anayesema hivi amesahau aina hii ya gemu ilipotoka. Dungeons & Dragons ilichapishwa mwaka 1974, ikichezwa mezani kwa karatasi, penseli na dadu, na kiini chake kilikuwa watu kukaa pamoja na kuamua mhusika atafanya nini. Miaka mitatu baadaye, 1977, ilifuata Traveller, gemu ya mezani ya safari za anga. Katika toleo lake la kwanza mhusika wako aliweza kufa wakati bado unamtengeneza, kwa sababu maisha yake ya nyuma nayo yaliamuliwa kwa dadu. Upanga na bunduki vilikuwa sehemu tu ya kuigiza.

Citizen Sleeper inarudi kwenye meza ile. Hakuna uwanja wa vita wala kitufe cha kufyatua risasi. Jambo lolote linaloendelea kituoni, liwe kazi yako au hatari inayokukaribia, linaonyeshwa kwa duara lililogawanywa vipande, na vipande vinajaa kadiri siku zinavyopita. Utaratibu huo unafahamika kwa wanaocheza Blades in the Dark, nayo ni gemu ya mezani. Ukiona duara la mtu anayekutafuta limebakiza kipande kimoja, moyo unakwenda mbio bila risasi hata moja kulia.

Dhana: Gemu ya dadu ni kamari tu

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, na hapa ndipo ufundi wa gemu hii ulipo.

Kwenye gemu nyingi unaamua kwanza, kisha dadu inakuhukumu. Unajaribu kufungua mlango, dadu inarushwa, umeshindwa, basi. Citizen Sleeper imepindua mpangilio. Kila unapoamka, dadu zako zinarushwa kabla hujafanya lolote, nazo unaziona zote zimepangwa juu ya skrini: labda 6, 4, 4, 2 na 1. Zikiisha, siku imekwisha. Kazi yako ni kuamua dadu ipi iende wapi, sawa na mtu aliyeshika fedha ya siku mkononi akijiuliza aanze na chakula, dawa au deni.

Dadu ya 6 haikosei. Dadu ya 1 au 2 ukiipeleka kwenye kazi usiyo na ujuzi nayo, huna tumaini la matokeo mazuri: ama mambo yatabaki ya kawaida, ama yatakuharibikia. Hapo mtu anadhani namba ndogo ni balaa tupu. Lakini mhusika wako anaweza kuingia kwenye mtandao wa kituo na kuchota data, na kule kila lango linataka namba yake maalumu. Lango linalotaka 1 halifunguki kwa 6. Kwa hiyo siku uliyoamka na takataka mkononi inaweza kuwa siku ya kufungua kitu ambacho kimekaa kimefungwa muda mrefu. Mara ya kwanza jambo hilo linapokuingia akilini, unaanza kuziangalia dadu zako kwa macho mengine kabisa.

Idadi ya dadu nayo inategemea mwili. Ukiwa mzima unapata tano. Mwili ukichakaa zinapungua, na ukiwa mgonjwa sana unaamka na moja au mbili, huku dawa yenyewe inahitaji fedha ambazo ungezipata kama ungekuwa na dadu tano. Njaa inaongeza kasi ya kuchakaa. Hakuna mtu anayekuja kukuhutubia kuhusu umaskini; unaupata kwenye hesabu yenyewe, asubuhi baada ya asubuhi.

Dhana: Ni kusoma tu, bora kitabu

Maandishi ni mengi, ndiyo, na Kiswahili hakimo. Anayesumbuliwa na Kiingereza atachoka, hilo nalisema wazi. Lakini kitabu hakikungoji uamue. Ukimpelekea Emphis, mpishi wa kibandani, fedha uliyokuwa umeiweka kwa ajili ya dawa, umepata mlo na mazungumzo, na umekosa dawa. Uamuzi huo ni wako, na maneno yanayofuata yanabeba uzito wake.

Dhana: Hadithi ya roboti wa siku zijazo haituhusu

Mhusika unayemwigiza anaitwa Sleeper. Ni nakala ya akili ya binadamu iliyowekwa ndani ya mwili wa kutengenezwa, na mwili huo ni mali ya kampuni ya Essen-Arp. Binadamu mwenyewe yuko mahali fulani amelazwa usingizi, na nakala yake inafanya kazi kwa niaba yake. Wewe ndiye nakala. Umetoroka kwa kujificha ndani ya meli ya mizigo, na gemu inaanza pale mvunja vyuma chakavu aitwaye Dragos anapokukuta na kukupa kazi kwenye uwanja wake.

Mwili wako umetengenezwa uharibike. Bila dawa maalumu unaoza polepole, na dawa ni ya kampuni. Hivyo ndivyo walivyohakikisha mtoro hafiki mbali. Ndani yako pia kuna kifaa kinachowaonyesha ulipo. Anakuja mtu wa kukusaka, Ethan, na badala ya kukukamata papo hapo anakaa baa na kukubebesha gharama za vinywaji vyake. Analewa kwa jasho lako huku akikutisha. Nimekutana na maadui wengi kwenye gemu, wenye pembe na wenye mizinga, lakini niliyemchukia kwa dhati ni huyu anayeagiza chupa nyingine.

Martin amesema hadharani kwamba alichota kwenye maisha yake mwenyewe ya kuhangaika na kazi za muda zisizo na uhakika. Inaonekana. Yeyote aliyewahi kuamka bila kujua kama leo kuna kibarua, au anayekatwa mkopo kabla mshahara haujafika mkononi, ataielewa gemu hii haraka kuliko mtu anayejua majina ya vyombo vyote vya anga. Roboti na nyota ni mazingira. Kinachozungumzwa ni nani anamiliki mwili wako wakati unafanya kazi.

Kuna fundi aitwaye Lem, anayeshinda kwenye kiwanda cha meli akijenga Sidereal, chombo kikubwa kitakachobeba watu kwenda kuanza maisha kwingine. Ana mtoto anayemlea, Mina. Anatumaini kupata nafasi humo ndani, maana wanaoijenga meli hawana uhakika wa kuipanda. Anapokuwa kazini anahitaji mtu wa kukaa na mtoto. Unaweza kujitolea. Inakugharimu dadu, na siku ambayo una dadu mbili tu na tumbo linawaka, kukaa na mtoto wa jirani ni uamuzi wenye bei kamili. Sijaona gemu nyingine ya anga iliyoufanya wema wa kawaida uwe na uzito huo.

Dhana: Basi itakuwa ni huzuni mwanzo mpaka mwisho

Hapana. Kituo kile kimejaa watu wanaosaidiana: mmiliki wa baa, mafundi, wakulima wa uyoga, hata akili ya kompyuta iliyonaswa ndani ya mashine ya kuuzia vitu, ambayo unaweza kuifanya rafiki. Michoro ya Singelin inawapa sura za watu waliochoka lakini hawajakata tamaa. Na miisho yake, ambayo sitaifichua, ni milango kadhaa ya kuondoka inayofunguka kwa nyakati tofauti. Kila mlango unaweza kuukataa ukabaki, na ukiukataa hadithi inaendelea. Mimi niliukataa wa kwanza kwa ajili ya mtu mmoja kituoni na sijutii.

Dhana: Nyongeza zake ni njia ya kukamua fedha

Zilitoka tatu, Flux na Refuge mwaka 2022, kisha Purge mwaka 2023. Zote bure.

Dhana: Ni ngumu mno kwa anayeanza

Mwanzo unabana, na unatakiwa kubana. Lakini ukishapita siku za awali, ukapata ujuzi kidogo na mahali pa kulala, kamba inalegea, na kwa maoni yangu inalegea kupita kiasi. Kufikia nusu ya pili nilikuwa na fedha na dawa za kutosha, na ile hofu ya asubuhi ilikuwa imeyeyuka. Hiyo ndiyo kasoro yake kubwa: hesabu inayokufundisha njaa inaacha kukufundisha mapema mno, wakati hadithi bado inakwambia uko hatarini.

Inaelekea hata mwandishi aliliona. Gemu ya pili, Citizen Sleeper 2: Starward Vector, ilitoka 31 Januari 2025, na humo dadu zenyewe zinaweza kuumia na kuvunjika kutokana na msongo unaompata Sleeper. Unachagua pia kiwango cha ugumu mwanzoni, na badala ya kituo kimoja una meli na mabaharia wako mwenyewe, mkirukaruka kati ya makazi huku mkifukuzwa. Inabana zaidi. Hata hivyo ukiniuliza pa kuanzia, nitakwambia anza na ya kwanza, uichezee taratibu, dadu zako zote tano zikiwa mbele yako na Dragos akikusubiri uwanjani.