Alama za mtandao zimejaa, mbona intaneti inasuasua?

Wengi huamini kwamba alama za mtandao zikijaa kwenye simu, intaneti lazima iwe na kasi. Sivyo. Alama hizo huonyesha jinsi simu inavyousikia mnara; hazisemi lolote kuhusu foleni ya watumiaji iliyopo hapo.

Katika 4G, mnara huwagawia watumiaji masafa ya mawimbi ya redio upya kila milisekunde 1. Chaneli, yaani ukanda wa masafa, ya megahezi 20 hukatwa vipande 100, kila kimoja kilohezi 180, na mnara ndio unaoamua nani apate vingapi. Simu nazo hutuma ripoti ya ubora wa mawimbi, daraja la 0 hadi 15, ili mwenye mawimbi safi kwa wakati huo abebeshwe data nyingi zaidi. Ni ufundi wa kustaajabisha kweli: maamuzi 1,000 kwa sekunde, wala hatuhisi chochote.

Ila maelekezo yenyewe, yaani ujumbe wa mnara unaoiambia kila simu imepewa vipande vipi, nayo hula nafasi. Kila milisekunde ina vipindi vidogo 14, na kwa kawaida 1 hadi 3 vya mwanzo ni vya maelekezo tu. Watumiaji wengi wakituma vijumbe vifupi vifupi, nafasi ya maelekezo huweza kujaa huku masafa ya data yangali yamebaki.