Dini hufungisha ndoa, mahakama ndiyo inayoivunja

Katiba, Ibara ya 3, inaitaja Jamhuri ya Muungano wa Tanzania kuwa nchi isiyofungamana na dini, na Ibara ya 19 inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Kwa hiyo msajili wa ndoa hamfundishi padri wala sheikh namna ya kufungisha ndoa. Lakini wapo wanaodai kwamba ndoa iliyofungwa msikitini au kanisani imalizwe huko huko, kisha ofisi ya msajili igonge muhuri tu. Hapana. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya 1971 inazipa ndoa za kiserikali, za kidini na za kimila uzito mmoja, na mwenye kuzivunja ni mahakama.

Karatasi ya talaka iliyoandikwa nyumbani, hata ikiwa na mashahidi kumi, haibadilishi daftari la ndoa. Shauri huanzia Baraza la Usuluhishi la Ndoa: la kata, au la jumuiya ya dini lililoteuliwa kisheria. Baraza huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2, wasiozidi 5. Likiwasikiliza wanandoa na kushindwa kuwapatanisha, hutoa Fomu Namba 3, yaani cheti cha kuthibitisha kuwa limeshindwa. Hapa ndipo mashauri mengi huharibika: mwenza hakuitwa, akidi ya wajumbe haikutimia, au fomu ilikaa kabatini zaidi ya miezi 6 kabla ya kufungua shauri. Mahakama ikiikataa fomu hiyo, mnarudi barazani kuanza upya. Ndoa isiyotimiza miaka 2 huhitaji kwanza kibali cha mahakama kabla ya kuombewa talaka. Aliyetelekezwa na asiyejua mwenzake alipo halazimiki kupitia Baraza.

Waislamu wamewekewa njia yao. Baraza likishathibitisha kuwa limeshindwa, na talaka ikatolewa baada ya hapo kwa taratibu za Kiislamu, mahakama huitambua na kutoa amri ya talaka. Tafadhali zingatieni mpangilio huo. Talaka iliyotangulia Baraza haipiti kwa njia hii.

Kwa Mkristo, uamuzi wa kanisa kwamba ndoa ni batili haumfanyi huru kisheria. Vilevile, amri ya mahakama haimlazimishi padri kumfungisha ndoa nyingine.

Mume wa ndoa ya mke mmoja akioa tena kabla ya amri ya mahakama, ndoa ya pili ni batili na ametenda kosa la jinai. Kiongozi wa dini anayeombwa kufungisha ndoa ya mtu anayesema ameachana na mwenza wake adai kwanza nakala ya amri hiyo.